Namna ya Kusafiri Kutoka Kiwanja cha Ndege Ambapo Kila Mtu Anakujua

Msafiri aliyezoea viwanja vikubwa ni rahisi kumtambua siku anapolazimika kwenda Mafia, Pemba, Kilwa Masoko au Lamu. Amefika saa tatu kabla. Anavuta sanduku gumu lenye magurudumu manne, ambayo sasa yamejaa mchanga. Anauliza lango namba ngapi, na anaonyeshwa mlango. Anauliza mlango upi, na anaambiwa huo huo, uko mmoja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote wanaotamani kusafiri hivyo bila kujiaibisha. Kabla ya hatua zenyewe, shika kanuni moja: katika kiwanja kidogo hakuna siri. Raha zote za safari zinatoka hapo, na karaha zote zinatoka hapo hapo. Mwenye kutaka moja bila nyingine apande basi la usiku, avute kofia usoni.

Hatua ya 1: Hakikisha kiwanja ni chenyewe

Mkosi wa kwanza humkuta msafiri akiwa bado kwenye teksi. Tiketi imeandikwa Arusha, yeye anakwenda Kilimanjaro, maana si ndege zinatua Kilimanjaro? Zinatua, ila ya kwako iko Kisongo, upande wa pili wa mji, na kati ya viwanja hivyo viwili kuna zaidi ya kilomita 50 pamoja na foleni ya Tengeru. Nairobi nako ni hivyo hivyo. Watu hukimbilia Jomo Kenyatta wakati ndege yao inawasha injini Wilson, kiwanja kilichopewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, enzi ambazo Jomo Kenyatta hakikuwepo cha kukichanganya nacho.

Dar es Salaam mtego umewekwa ndani ya kiwanja kimoja. Dereva akisikia “uwanja wa ndege” anakupeleka moja kwa moja kwenye jengo la tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019, lenye vioo na marumaru. Ndege ndogo nyingi zinaondokea jengo la kwanza, la zamani, nalo haliko mlango wa pili. Usiseme utatembea kwa mguu na mizigo. Waliowahi kusema hivyo walifika, ila ndege ilikuwa imefika kwanza Kilindoni, Mafia.

Na anayekwenda Pemba asome herufi tatu za kiwanja kabla ya kulipa. PMA ni Chake Chake. POL ni Pemba nyingine, iliyoko Msumbiji. Zote zina bahari na watu wakarimu, lakini ni moja tu yenye harusi unayoiwahi.

Hatua ya 2: Fungasha kwenye shangazi kaja

Ndege utakayopanda yaelekea ni Cessna Caravan: injini moja, mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, abiria wapatao 12. Mizigo huingia kwenye visanduku vilivyo chini ya tumbo lake, na milango ya visanduku hivyo haikutengenezwa kwa kulifikiria sanduku lako. Kwa hiyo masharti ni mawili: begi liwe laini, na lisizidi kilo 15, mara nyingi pamoja na mkoba wa mkononi.

Hapa ndipo historia inapomlipa aliyechekwa. Lile begi la miraba miraba tunaloliita shangazi kaja, ambalo wenye masanduku ya bei walilitazama kwa jicho la pembeni stendi zote za nchi hii, ndilo begi bora kabisa la anga. Linakunjika, linabonyea, linaingia popote. Mwenye sanduku gumu atahamishia nguo zake kwenye mfuko wa kuazima mbele ya watu, na watu watazijua nguo zake zote, zikiwemo za ndani. Asitegemee mfuko wa rambo kumwokoa: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwaka 2019.

Kuna wajanja wanaovaa mashati matatu, wakatia chaja na vitabu kwenye mifuko ya koti, ili begi lisome kilo 14 na nusu. Tunawapongeza kwa ubunifu. Tutakutana nao hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Panda mizani kwa heshima

Mazungumzo ya kaunta huenda hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Naomba upande hapa, mama, na mkoba wako.”

“Nipande mimi au mkoba?”

“Vyote, mama.”

Kijana anasoma namba, kisha anamtajia mwenzake anayeandika. Mwenzake yuko mita nne, feni inapiga kelele, kwa hiyo namba inatajwa kwa sauti. Ukumbi mzima unanyamaza kidogo. Mume aliyewahi kumwambia mkewe kwamba ana kilo 80 anagundua kwamba ndoa yake imeingia sura mpya. Mwenye mashati matatu anasoma kilo zake na za mashati.

Usikasirike, hesabu yenyewe haina mzaha. Caravan hairuhusiwi kuruka ikizidi uzito ulio chini kidogo ya tani 4, na ndani ya tani hizo imo ndege yenyewe, mafuta, rubani, wewe, na nazi alizokupa mama mkwe. Dreamliner inaweza kuondoka na zaidi ya tani 220, kwa hiyo humo ukila wali mara mbili kabla ya safari hakuna wa kukuuliza. Katika ndege ndogo lita moja ya mafuta ina takriban kilo 0.8, na kila gunia linalopakiwa zaidi huenda likamlazimu rubani kubeba mafuta pungufu. Ukiambiwa uchague kati ya dagaa wako na mafuta ya ndege, chagua mafuta.

Joto nalo lina neno lake. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, bawa linashika kidogo, injini inavuta kidogo, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana kilo zilizokubaliwa saa moja asubuhi zinaweza kukataliwa saa nane mchana. Si chuki binafsi.

Ukishapimwa, utapangwa. Rubani anatoka nje, anawatazama abiria kama mnunuzi wa mbuzi kwenye mnada wa Pugu, kisha anaonyesha kwa kidole: wewe mbele, wewe katikati, kijana kaa nyuma. Hataki kumdhalilisha mtu. Anataka ndege isielemee upande mmoja. Lakini ukiwa bwana harusi na ukapelekwa mbele, wewe peke yako, huku bibi harusi akikaa nyuma na mtu mwembamba asiyemjua, itakubidi ukumbuke sababu za kisayansi.

Hatua ya 4: Jifunze kungoja hadharani

Chumba cha kungojea kina viti vya mbao, feni, na mlango unaotazama njia ya kurukia. Hakuna skrini. Ndege inatangazwa na mtu anayesimama mlangoni na kusema, “Watu wa Mafia!” Kama umekwenda kununua vitumbua barabarani, anakuja kukuita huko huko, kwa jina.

Hii ndiyo raha ambayo fedha hainunui katika viwanja vikubwa. Kule ukichelewa unasomwa kwenye kipaza sauti kwa jina lililovunjwa vunjwa, mara ya mwisho, kisha mlango unafungwa. Huku karani anapiga simu: “Uko wapi? Umefika sokoni? Haya, fanya haraka, rubani anakunywa chai.” Kuna watu wameletwa na pikipiki ya karani mwenyewe.

Karaha ni kwamba ratiba hiyo hiyo inanyumbuka pande zote mbili. Abiria wote wakiwa wamefika mapema, hewa nzuri, rubani ana safari tatu mbele yake, hakuna sababu ya kukaa. Ndege ya saa nne inaweza kuondoka saa nne kasorobo, na wewe unayefika saa nne kasoro dakika tano umewahi na umechelewa kwa wakati mmoja. Na ile iliyoandikwa “moja kwa moja” inaweza kupitia kisiwa kingine kumshusha mhandisi mmoja na boksi la vifaranga.

Ukaguzi wa usalama upo, na hufanywa kwa bidii, ila una ziada yake. Askari anafungua mkoba wako, anatazama, kisha anakutazama wewe. “Wewe si mjukuu wa yule bibi wa karibu na soko?” Ndiye. “Hajambo mguu?” Hajambo. “Sasa hii suti unaipeleka wapi?”

Jibu kwa uangalifu. Ukisema unakwenda Dar kwenye usaili wa kazi, mwajiri wako wa sasa atajua kabla hujafunga mkanda, maana shemeji yake ndiye anayepakia mizigo. Ukisema unakwenda hospitali, utapata dua za kutosha na majina matatu ya waganga. Mwenye nyumba ndogo asithubutu kabisa. Abiria ni 12. Mmoja ni jirani, mmoja ni mwalimu wa mtoto, na mmoja ni shangazi wa mkeo, tena amepangwa kiti cha pembeni yako kwa sababu za uzito.

Hatua ya 5: Sikiliza upepo, weka siku ya akiba

Watu wa pwani wamepanga safari kwa pepo tangu enzi za majahazi, na ndege ndogo imewarudisha hapo. Nahodha alingoja kaskazi imlete na kusi imrudishe. Rubani anatazama kitambaa kilichofungwa mlingotini pembeni ya njia ya kurukia, kinachojaa na kuonyesha upepo unatoka wapi. Nawe kitazame. Kikining'inia tu, shukuru. Kikinyooka mlalo kwa ubavu wa njia, ahirisha chai ya tatu.

Safiri asubuhi. Ardhi haijapata moto, hewa imetulia, mawingu bado ni machache. Kufika mchana, joto linapanda kutoka kwenye mashamba na ndege inarushwa rushwa, na kila abiria anakumbuka dini yake. Msimu wa masika mawingu hukaa chini, na mvua ikifunika kiwanja rubani atageuza bila kuuliza maoni ya kikao.

Jua ndilo mkurugenzi mkuu. Viwanja vingi vya namna hii havina taa kwenye njia ya kurukia, kwa hiyo kazi inaisha jua linapokaribia kuzama. Ndege ikichelewa mpaka jioni, imechelewa mpaka kesho. Na kama imepata hitilafu, usitazame upande wa pili kutafuta ya akiba. Huo upande wa pili ni shamba la minazi.

Kwa hiyo usithubutu kupanga ndege ndogo asubuhi na ya Ulaya alasiri ya siku hiyo hiyo kwa tiketi mbili tofauti. Shirika kubwa halitakungoja, wala halitaelewa ukiwaeleza kwamba kulikuwa na wingu. Lala Dar usiku mmoja. Utalalamika gharama ya chumba, juu ya tiketi ambayo tayari ilikuuma, kwa sababu viti 12 vinagawana gharama zote za ndege nzima. Anayeona ni nyingi mno ana njia nyingine: aende Nyamisati, apande chombo cha majini mpaka Kilindoni, afike baada ya saa kadhaa akiwa na fedha zake mfukoni na tumbo lake mdomoni.

Hatua ya 6: Ukiwa angani, tazama chini

Hakuna choo. Tunalisema hili mara moja, kwa uwazi, na tunaomba lisomwe mara mbili.

Hakuna pia mhudumu wala chakula. Rubani anageuka kwenye kiti chake, anawaonyesha milango na mikanda, anasema ni nusu saa hivi mpaka Mafia, anauliza kama kuna swali. Kama yuko peke yake, huenda abiria mmoja akakaa kiti cha kulia kwake. Ukibahatika kuwa wewe, weka mikono mapajani. Vile vinavyosogea mbele ya miguu yako vina kazi, na usukani ukitikisika wenyewe si kwamba unakuita.

Kisha dirisha. Ndege hii haijazwi hewa ya kusukumwa kama zile kubwa, kwa hiyo hairuki juu sana, na nchi yote inaonekana. Kwanza inapita Mbagala, ambapo utaona wazi kwamba jirani yako amesogeza ukuta wake mita mbili ndani ya shamba lako. Piga picha. Halafu delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, maji ya kahawia yakijigawa gawa mara mia kabla ya kuingia bahari ya buluu.

Humo ndimo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza walioteka Mafia mwanzoni mwa 1915 wakaandaa kiwanja kisiwani humo, wakarusha ndege za mbao na vitambaa juu ya mikoko, marubani wakawa wanaelekeza mizinga ya meli zao, mpaka Julai mwaka huo Königsberg ikaisha. Ndege zao za awali, za kutua majini, zilishindwa hata kunyanyuka vizuri kwa joto na unyevu wa pwani. Kwa hiyo ukiambiwa uache nazi mbili kwa sababu ya joto, jua kwamba sheria hiyo imewahi kuwabana wenye himaya. Na jua pia kwamba usafiri wa anga wa Mafia ulianza kwa kazi ya kumfichua aliyejificha, na haujabadilika sana.

Hatua ya 7: Tua, na rudi na zawadi za busara

Ndege ikishuka, ikapita juu ya kiwanja bila kutua, kisha ikapanda tena, usianze kuaga familia kwa ujumbe wa simu. Rubani alikuwa anatazama kama kuna mbuzi. Katika viwanja vya mbugani kama Seronera, ndani ya Serengeti, gari hutangulia kufukuza pundamilia. Huenda ndiyo foleni pekee ya Tanzania inayoondolewa kabla hujaifikia.

Baada ya hapo furahi. Begi lako linatolewa tumboni mwa ndege mbele ya macho yako na kukabidhiwa mkononi. Ndani ya dakika chache uko nje, na nje ni mjini: Kilindoni kiwanja kimekaa mjini hasa. Ukitua Lamu umetua kisiwa cha Manda, mizigo inakokotwa mpaka gatini, na unavuka kwa boti. Mwenye boti anajua unakofikia, na bei atakayokutajia itategemea anamjua nani wa kwenu.

Ukirudi, pima zawadi. Pweza mkavu ni tunu, ila katika chumba chenye watu 12 na madirisha yasiyofunguka harufu yake haitakuwa yako peke yako. Matumbawe na kombe ziache baharini. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na askari wa ukaguzi, kumbuka, anamjua bibi yako. Karafuu za Pemba beba za pilau. Gunia lina utaratibu wake wa kiserikali, na utautambua utaratibu huo ukiwa umekalishwa.

Maswali ya mwisho mwisho

*Naweza kuomba kiti cha dirishani?* Vingi ni vya dirishani. Omba kiti kisicho jirani na cha shangazi wa mkeo.

*Kuna intaneti kiwanjani?* Kuna fundi wa jenereta. Ana habari za leo, za jana, na nyingine ambazo bado hazijatokea.

*Ndege ndogo ni salama?* Tazama yale yaliyokuudhi: kupimwa mbele ya watu, kukatazwa sanduku, kulazwa Dar kwa sababu ya wingu, kuambiwa jua limezama. Huo ndio usalama wenyewe. Shirika la kuogopa ni lile litakalokubali nazi zote, abiria wote, na saa yoyote, huku likikuita bosi.

*Kiwanja kikipanuliwa itakuwaje?* Kipanuliwe. Dai lami ndefu, dai zimamoto, dai kwanza kabisa taa, maana mgonjwa wa kukimbizwa Muhimbili hachagui kuugua mchana. Wakikuuliza kama mnataka pia kipaza sauti cha kisasa, waambie hicho kisubiri bajeti nyingine. Mtangazaji tuliye naye anasikika mpaka Utende, upande wa pili wa Mafia, na hajawahi kukatika umeme.